Samadi ya Yonas

Evodia ndiye aliyepelekwa Sumbawanga mjini kwa mafunzo, kwa sababu katika wanakikundi kumi na wanne yeye peke yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na mwandiko wake ulisomeka. Alikaa huko siku tano. Aliporudi kijijini Mwazye alishuka kwenye basi na daftari lililojaa, galoni moja ya maji ya vijidudu vya kuozesha mabua, na ndoo ya minyoo wekundu waliolazwa ndani ya samadi yenye unyevu, kifuniko kimetobolewa matundu ili wapumue. Wanawake waliokuwa kando ya barabara wakiuza karanga walichungulia ndani ya ndoo wakacheka. Mmoja aliuliza kama hicho ni chambo anawapelekea wavuvi wa Kasanga.

Mwaka ule mbolea ya dukani ilikuwa imewashinda wengi kwa bei. Kikundi chao cha wakulima kiliongozwa na Bertha, mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, mkali wa muda na mwepesi wa kuamua. Bertha alitoa uwanja nyuma ya mashine yake, wanaume wakachimba, wakajenga vitanda vinne vya matofali ya kuchoma na kuviezeka nyasi. Afisa ugani, kijana aliyeitwa Raymond, alikuja kila Jumatano kuwaelekeza. Mabua na makapi yanakatwakatwa, yanarundikwa, yananyunyiziwa maji ya vijidudu yaliyochanganywa na molasi, kisha yanafunikwa kwa turubai. Vijidudu wale wanakula, rundo linapata moto hadi nondo ikichomekwa ndani na kuchomolewa haishikiki. Moto ukiisha, yanachanganywa na samadi ya ng'ombe na kuhamishiwa kwenye vitanda, minyoo wanamalizia kazi.

Kwa wazee jambo hili halikuwa geni sana. Dominika, dada mkubwa wa marehemu mama yake Evodia, alisema kwamba hata wao zamani walikusanya nyasi wakazifukia kwenye matuta ya mviringo waliyoyaita ntumba, zikaoza humo mpaka msimu wa pili. Tofauti ni kwamba wao hawakumfuga mnyoo, alikuja mwenyewe. Dominika ndiye aliyemlea Evodia tangu akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa mjane, anaishi na wajukuu watatu, na alitegemea ekari moja na nusu ya maharage kuliko alivyotegemea kitu kingine chochote.

Samadi ilitoka kwa Yonas. Yeye na mkewe Asnath walikuwa Wasukuma, walifika kutoka upande wa Shinyanga miaka kumi na miwili nyuma, wakapewa sehemu ya kuweka zizi kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu mume wa Dominika. Makubaliano yalikuwa mepesi. Baada ya mavuno ng'ombe wa Yonas wanaingia mashambani kula mabua ya mahindi, na yeye anatoa samadi bila kudai chochote. Asnath na Evodia walikuwa wamejifungua mwaka mmoja, Evodia akamzaa Zenon na Asnath akamzaa Limi, na tangu hapo waliitana kwa majina ya watoto wao. Kila asubuhi Asnath akienda kisimani alipita kwa Evodia na chupa ya maziwa, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni, hata kama hapakuwa na mtu wa kumshukuru.

Makubaliano hayo mepesi ndiyo yaliyomfanya Evodia akose mabua. Kufikia Agosti ng'ombe walikuwa wamemaliza karibu yote, na yaliyobaki hayakutosha hata kitanda kimoja. Upepo wa baridi ulikuwa bado unavuma uwandani na watu walikuwa wanasema kikundi kitakufa kabla ya mvua. Evodia akasikia kwamba shamba moja kubwa la ngano, mwendo wa saa moja kwa trekta, limemaliza kuvuna na mabua yake yanachomwa moto tu. Akaomba trekta la Leonsi, mwanakikundi mwenzao, wakaenda.

Msimamizi wa shamba lile alikuwa mtu muungwana. Aliwaruhusu wachukue wanavyotaka, akasaidia hata kufunga kamba. Leonsi alipokuwa anazunguka kukagua matairi ya tela, msimamizi alimwita Evodia pembeni.

"Mama, hapa tulipiga dawa ya magugu, ile inayoua mimea ya majani mapana," alimwambia. "Inakaa ndani ya mabua muda mrefu. Ukiweka kwenye mahindi hakuna tabu. Maharage na nyanya, hapo uangalie sana."

Evodia aliitikia kwa kichwa, akapanda kwenye tela. Njiani alijiambia kwamba vijidudu na moto wa rundo vitaimaliza hiyo dawa. Kama vinaweza kuozesha bua gumu, dawa ni nini? Katika daftari lake hapakuwa na neno lolote kuhusu dawa. Angeweza kumpigia simu Raymond na kumwuliza. Hakumpigia, na sababu aliijua: aliogopa Raymond atamwambia ayarudishe.

Rundo la ngano lilioza vizuri. Lilipanda moto, likashuka, likageuka rangi ya kahawa. Yonas alileta samadi kwa mkokoteni, safari sita. Minyoo waliingizwa, wakazaliana kuliko walivyotazamia, na kufikia katikati ya Novemba vitanda vitatu vilikuwa vimejaa mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Kitanda cha nne kilichelewa, na kwa kuwa Yonas alikuwa amekwenda kwao kumzika ndugu yake, samadi ya kitanda hicho ilitoka kwenye zizi dogo la Leonsi. Watu walikuja kutoka vitongoji vingine kutazama. Bertha aliwapokea kama mwenye harusi, na kila mara alimsukuma Evodia mbele, akasema huyu ndiye aliyeyaleta yote haya.

Mafunzoni walikuwa wamefundishwa kuijaribu mboji kabla ya kuigawa. Evodia alichukua makopo mawili ya rangi, moja akalijaza mboji na jingine udongo wa kawaida, akapanda maharage kumi katika kila kopo na kuyaweka nyuma ya jiko. Yote yaliota. Majani mawili ya kwanza yalikuwa mazuri. Yaliyofuata, katika kopo la mboji, yalitoka membamba na yamejikunja kwa ndani, kama vidole vya mtu aliyeshikwa na baridi, na shina likajipinda kuelekea chini. Katika kopo la udongo hapakuwa na jani hata moja lililojikunja.

Aliyatazama kwa siku tatu. Siku ya nne, mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha na ugawaji umepangwa Jumamosi, alilichukua lile kopo la mboji akalitupa kwenye choo cha shimo, akarudi jikoni akanawa mikono.

Jumamosi Raymond alikuwepo. Ilikuwa mara yake ya mwisho kufika, maana wiki iliyofuata alikuwa anakwenda Morogoro masomoni. Aliuliza mbele ya watu wote kama jaribio limefanyika.

"Yameota yote kumi," Evodia alijibu.

Raymond aliandika. Watu wakapiga makofi, wakaanza kujaza viroba.

Evodia alipeleka viroba vyake vyote kwenye mahindi. Mumewe Isdori, aliyekuwa fundi seremala na mtu wa maneno machache, alimwuliza kwa nini asiweke kidogo kwenye maharage ya pale nyumbani. Akamjibu kwamba mahindi ndiyo yenye njaa. Siku mbili baadaye alipita kando ya shamba la Dominika na kumkuta mama yake mkubwa ameinama, anatia mboji kwa kiganja katika kila shimo kabla ya kudondosha mbegu, kwa uangalifu, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Evodia alisimama. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi. Akasema shikamoo, wakazungumza kidogo kuhusu mvua, akaendelea na safari yake.

Mpaka Krismasi maharage yalikuwa yamejikunja katika mashamba tisa. Hayakufa mara moja. Yalisimama vilevile, yamedumaa, yakitoa majani kama uzi, na yale machache yaliyotoa maua hayakufunga. La Dominika ndilo lililoharibika kuliko yote, kwa sababu ndiye aliyetia mboji kwa ukarimu zaidi. Mahindi ya Evodia, wakati huohuo, yalikuwa ya kijani kilichokolea, marefu kuliko ya jirani yeyote, na yalionekana kutoka barabarani. Alianza kupita njia ya nyuma ili asiyaone.

Bertha aliitisha mkutano wiki ya pili ya Januari. Raymond hakuwepo na mwingine alikuwa hajaletwa. Watu walikuwa na hasira, na Bertha, aliyeumia kuliko alivyoonyesha, alikuwa ameshatafuta jibu. Alikumbusha kwamba mwezi wa Septemba Yonas aliwapulizia ng'ombe wake dawa kali ya kupe, kwa bomba la mgongoni, na samadi ikaletwa siku chache baadaye. Dawa ile iliingia kwenye samadi, alisema, na ndiyo iliyochoma maharage. Mahindi ni magumu ndiyo maana yamepona. Maneno hayo yaliingia akilini kwa urahisi. Yonas aliitwa. Alisimama katikati ya watu ameshika kofia yake, akaeleza kwamba samadi hiyohiyo mkewe ameitia kwenye kunde nyuma ya nyumba, na kunde zinatambaa. Akawaomba waende kuziona, si mbali. Hakuna aliyeinuka. Evodia alikuwa amekula majani ya kunde zile juzi yake tu.

Bertha akamgeukia.

"Wewe ndiye uliyesoma haya mambo. Dawa ya kupe inaweza kufanya hivi?"

Evodia alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano. Alijua kwamba watu wote wanamtazama, na Yonas pia.

"Inawezekana," alisema.

Ikawa basi. Kikundi kiliacha kuchukua samadi ya Yonas. Jambo likapanda mpaka kwenye mkutano wa kitongoji, na huko likaongezwa: ng'ombe wake wasiingie tena mashambani baada ya mavuno. Mwisho shemeji zake Dominika, ambao siku nyingi walikuwa wanaitamani ile sehemu ya zizi, walimtaka aondoke. Dominika alikataa, akasema huyu mtu amekaa nao miaka kumi na miwili bila neno. Lakini ardhi ilikuwa ya ukoo wa mumewe na hawakumsikiliza.

Siku moja kabla ya kuhama, Asnath alifika kwa Evodia, akakaa kwenye kigoda jikoni. Alimwambia kwamba wanashuka bondeni, Kaoze, ambako Yonas ana binamu. Kisha akamwuliza taratibu, bila shutuma yoyote.

"Mama Zenon, mimi nitaamini utakaloniambia wewe. Ni kweli ni samadi yetu?"

"Sijui, Mama Limi," Evodia alisema. "Kwa kweli sijui."

Asnath aliitikia kwa kichwa. Akamwachia mche wa mpapai aliokuwa ameuotesha kwenye kopo, kwa kuwa hakuwa na namna ya kuusafirisha, akaondoka. Kesho yake asubuhi, katika mvua, ng'ombe wa Yonas walipita barabarani kuelekea ukingo wa bonde. Evodia alikaa ndani mpaka vishindo vya kwato vilipokwisha.

Kuanzia hapo hakupata utulivu. Kanisani, wenzake walipoinuka kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi, akivuta magoti pembeni ili wapite. Jumapili ya kwanza hakuna aliyejali. Ya tatu watu walianza kumtazama. Alikuwa mtu wa kulala mapema na kulala fofofo, sasa chakula kilimkaa mdomoni kama pamba. Alimpelekea Dominika debe la unga, kisha jingine, kisha dagaa, kisha akaenda kumpalilia shamba la ulezi bila kuombwa. Dominika alimwombea baraka kila mara. Alimwambia kwamba mama yake angekuwa hai angejivunia. Evodia alitamani mama huyo ampige kofi badala yake.

Isdori alimwuliza mara moja tu. Walikuwa wanapukuchua mahindi ya mwaka jana, na bila kuacha kazi alisema kwamba kama kuna mwanaume mwingine amwambie, na kama ni ugonjwa amwambie pia, lakini asiendelee kukaa nyumbani humo kama mgeni. Evodia alilia, akaendelea kupukuchua.

Mwisho wa Februari walikuja watu sita kutoka kijiji cha Kate. Walikuwa na kikundi kama chao, bado kichanga, na walikuwa wamekodi gari kuja kujifunza. Ulikuwa wakati wa kupanda maharage ya msimu wa pili. Bertha aliwatembeza, akawaonyesha minyoo, akawaeleza bila kuficha yaliyotokea: kwamba vitanda vitatu viliharibiwa na samadi yenye dawa ya kupe, na aliyeileta ameshaondoka. Kitanda cha nne, alisema, ni salama kabisa, kwa sababu samadi yake ni ya ng'ombe wa Leonsi. Vilikuwa vimebaki viroba kumi na nane vya kitanda hicho. Bertha akawapa bure, ili jina la kikundi lisafike.

Watu wa Kate walishukuru sana. Walianza kupakia. Kati yao alikuwepo mama mmoja wa makamo, aliyesema kwa furaha kwamba yeye vyake viwili vinakwenda moja kwa moja kwenye maharage, maana mwaka jana alivuna gunia moja tu. Evodia alikuwa amesimama karibu na mlango wa mashine, daftari mkononi, akiandika majina ya wageni. Kiroba cha nne kilipoinuliwa aliona hawezi.

"Msivipeleke," alisema.

Hawakumsikia vizuri. Alisogea mpaka kwenye gari, akaweka mkono juu ya kiroba.

"Msivipeleke. Vitaua maharage yenu. Si samadi. Ni mabua ya ngano niliyoyaleta mimi. Yalipigwa dawa ya magugu, na niliambiwa."

Bertha alimtazama kama mtu anayemsikia mgonjwa akiweweseka. Akamwambia taratibu kwamba amechoka, akae chini. Evodia hakukaa. Alisema yote. Alieleza alichoambiwa na msimamizi, akaeleza jaribio la maharage na kopo alilolitupa chooni. Alieleza kwa nini mboji yake yote aliipeleka kwenye mahindi. Leonsi, aliyekuwa juu ya gari akipanga viroba, alishuka polepole akakaa kwenye tairi. Wageni walitazamana, hawakujua washike kiroba au wakiache.

"Uliona lini?" Bertha aliuliza.

"Novemba. Kabla ya kugawa."

"Na siku ya Yonas ulikaa pale mezani, unaandika."

"Ndiyo."

Bertha hakupandisha sauti. Aliinama akaanza kushusha viroba yeye mwenyewe, kimoja kimoja, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza alikuwa anahema na machozi yanamtoka, na Evodia alielewa kwamba Bertha naye anakumbuka jinsi alivyomsimamisha yule mtu na kofia yake mkononi.

Dominika hakuwepo pale. Evodia alikwenda kwake saa hiyohiyo, kabla habari hazijamtangulia. Alimkuta anapepeta ulezi wa akiba uani. Alipiga magoti akamweleza, na yule mama aliendelea kupepeta mpaka maneno yalipokwisha. Kisha akaweka ungo chini.

"Siku ile ulipopita shambani, ukanikuta natia ile mboji. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Dominika hakumlaani, wala hakumwambia ainuke. Alisema tu kwamba anataka kumaliza ulezi wake kabla mvua haijarudi, na kwamba anaomba Evodia asifike pale kwa muda. Evodia alipotoka nje ya uzio alisikia ungo ukianza tena.

Jioni alimweleza Isdori. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza Yonas yuko wapi sasa. Alipoambiwa Kaoze, alisema basi ni huko anakotakiwa kwenda, na asubuhi akampeleka mwenyewe hadi mahali pa kupandia gari.

Safari ya kushuka bondeni ilimchukua siku nzima. Baridi ya uwandani iliisha njiani, jasho likaanza, na alipofika Kaoze nguo zilikuwa zimemgandia mwilini. Aliulizia mpaka akapelekwa kwenye kibanda kipya cha miti nje kidogo ya mashamba ya mpunga. Asnath alikuwa amepungua. Alimpa mkeka na maji ya kunywa, kama anavyopewa mgeni yeyote, akakaa mbali naye. Yonas alirudi na ng'ombe jua likielekea kuzama. Evodia alihesabu bila kutaka: ndama watatu hawakuwepo. Alikuja kujua baadaye kwamba mmoja aliteleza kwenye mteremko siku ya kuhama na wawili walishindwa na joto.

Aliwaeleza kama alivyowaeleza wengine, hakupunguza. Alipofika kwenye lile neno moja alilolisema mkutanoni, Yonas aliinua mkono akamsimamisha.

"Hilo nilikuwepo," alisema.

Limi alichungulia mlangoni akaitwa arudi ndani. Hatimaye Yonas alisema kwamba habari za samadi yake zilifika Kaoze kabla yake. Dereva mmoja wa lori alizileta. Wenye mashamba ya mpunga wamemkataza, ng'ombe wake wasiguse mashina watakapovuna, na majirani hawataki kukopeshana naye hata jembe. Evodia alianza kusema kwamba anaomba msamaha, kwamba yuko tayari kwa lolote. Yonas alimkata.

"Mimi msamaha wako sijui niuweke wapi, mama. Ulichokisema ulikisema mbele ya watu. Nenda ukakiseme tena mbele ya watu, kulekule. Halafu andika, uweke sahihi, uniletee karatasi nimwonyeshe anayeniuliza."

Asnath aliondoa kikombe cha maji akaingia ndani. Walimpa mahali pa kulala kwa binamu yake Yonas, na alfajiri akaondoka.

Mkutano wa kitongoji ulifanyika katikati ya Machi. Evodia alisema yote kwa mara ya tano, safari hii mbele ya watu zaidi ya mia, wakiwemo wazazi wa watoto wanaosoma na Zenon. Alikuwa amedhani mara ya tano itakuwa rahisi. Baadhi ya watu walinung'unika kwamba Msukuma amempa kitu. Bertha alisimama, bila kumtazama, akasema hakuna aliyepewa kitu, na kwamba yeye kama mwenyekiti alimhukumu mtu bila kwenda kuangalia kunde hatua mia mbili kutoka alipokuwa amesimama, na hilo ni lake, hamsingizii mtu. Kikao kikaondoa katazo. Karatasi iliandikwa, ikagongwa mhuri wa kijiji, na Isdori akaipeleka Kaoze kwa mkono wake.

Shemeji zake Dominika walituma ujumbe kwamba Yonas anaweza kurudi. Alijibu kwamba hawezi kuwahamisha ng'ombe mara mbili kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyeamini kwamba mwaka ukiisha atarudi. Evodia alitolewa kwenye uandishi wa kikundi. Viroba vile kumi na nane, na mboji yote iliyobaki, vilipelekwa kwenye mahindi. Evodia alivuna magunia mengi kuliko alivyowahi kuvuna, akapakia nusu yake kwenye mkokoteni na kuyapeleka kwa Dominika. Mama yake mkubwa aliwaonyesha wabebaji pa kuyaweka. Hakumkaribisha ndani. Wiki iliyofuata, hata hivyo, alimtuma mjukuu kumwita amsaidie kufunga magunia, na tangu hapo anamwita kwa kazi. Wanafanya kazi kimya. Mara nyingine Dominika anaanza kusimulia jambo la zamani, kisha anaishia katikati, kama aliyekumbuka anazungumza na nani.

Kikundi hakikufa. Mwandishi sasa ni Leonsi, na hakuna bua linaloingia uwanjani kabla mwenye shamba hajaulizwa mbele ya watu wawili alipiga nini na lini. Majaribio hufanywa hadharani, pale kwenye mlango wa mashine, kila mtu apite ajionee. Evodia anageuza marundo na kubeba maji. Jumapili moja ya Juni alitoka kwenye kiti cha maungamo, akajipanga na wenzake, akapokea komunyo. Alitazamia moyo utakuwa mwepesi, na kwa kiasi fulani ulikuwa, mpaka alipotoka nje na kukutana na Dominika langoni.

Agosti, wakati wa upepo, simu yake ililia akiwa juu ya rundo na koleo mkononi. Namba hakuijua. Sauti alipoisikia aliijua.

Asnath alieleza moja kwa moja. Kaoze wanachoma mabua ya mpunga, marundo kwa marundo, na bustani yake ina mchanga mtupu. Alitaka kujua kama mabua ya mpunga yanaweza kuozeshwa kama yale, na vijidudu vinapatikana wapi. Evodia alishuka kwenye rundo. Akamwambia akate vipande vifupi, alowanishe siku nzima kwanza kwa sababu mpunga ni mgumu, achanganye na samadi. Akamtajia duka la Sumbawanga. Akamwambia amwulize mwenye shamba kuhusu dawa, na hata akiambiwa hakuna, ajaribu kwa maharage kwenye kopo na asubiri majani ya pili, asidanganywe na yale ya kwanza. Asnath alikuwa anaandika. Alimwomba arudie hilo la mwisho, na Evodia akalirudia, neno kwa neno.

"Minyoo nitakutumia," Evodia akasema. "Gari la Alhamisi linashuka huko."

Upande wa pili alisikia ng'ombe, na mtoto akiita.

"Weka kwenye ndoo yenye matundu," Asnath alisema, na simu ikakatika.